Baridi Inatoka Chini

Wasee, hii posti nimeiandika mara tatu nikafuta. Haina linki ya kununua kitu, haina mchezo mwingi, na kufika katikati mtajua mkosaji ni nani. Ni mimi.

Mwaka jana mwezi wa nane niliwauzia godoro la kupuliza. Mnalikumbuka. Lile la rangi ya chungwa, lenye vyumba vyumba kama chokoleti, ukilikunja linakuwa saizi ya chupa ya soda. Muuzaji mmoja wa mtandaoni alinitafuta, akanitumia moja la bure pamoja na elfu nane. Juu ya hiyo, kila mtu angenunua kupitia kwangu, mimi napata mia mbili. Wakati huo nilikuwa nimeacha chuo miezi saba tu, mwaka wa pili, karo imenishinda, nikaapa simu yangu ndiyo itanilisha. Elfu nane ilikuwa kodi ya miezi miwili ya keja yangu hapa Kianda. Sikuuliza maswali mengi. Kusema ukweli, sikuuliza hata moja.

Video niliipiga ndani ya keja. Nikasukuma meza kando, nikaweka taa, nikalipuliza pumzi kama kumi na tano, nikajitupa juu yake na kufunga macho kama nimefika mbinguni. Halafu nikasema maneno ambayo nikiyasikia leo natamani kuingia chini ya kitanda: "Na hii wasee, unalala popote. Hata juu Mlima Kenya!"

Mlima Kenya wenyewe nilikuwa nimeuona mara moja tu, asubuhi moja hewa ikiwa safi, nikiwa juu ya paa la ghorofa fulani pale Olympic. Kitu kidogo cha buluu, mbali sana. Hiyo ndiyo ilikuwa tajriba yangu ya mlima.

Watu 31 walinunua. Nikapata 6,200. Nikasema Mungu ni mwema.

Mwezi wa kumi nikapata ujumbe kwenye inboksi. Ni kijana wa Kawangware, rika langu, anafanya kazi ya kubeba mizigo sokoni. Alikuwa ameweka pesa kidogo kidogo kwa miezi mitano ili apande mlima na binamu zake wawili. Walipita njia ya Sirimon, wakalala Old Moses, halafu usiku wa pili wakapiga tenti Shipton. Yeye alikuwa amebeba lile godoro langu la chungwa. Binamu zake walikuwa na mikeka ya sponji ya kuazima, zile ngumu za kukunja, mbaya kuangalia. Wao walilala. Yeye alitetemeka kuanzia saa tatu usiku hadi saa nane, saa ambayo watu huamka kuelekea Point Lenana. Alipotoka kwa tenti miguu haikuwa inamsikia vizuri. Kiongozi wao akamwangalia akamwambia abaki. Binamu zake wakafika juu, mita 4,985, wakapiga picha jua likichomoza. Yeye aliwangoja chini na kikombe cha chai.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliandika hivi: "Bro, si eti nakulaumu, pengine mimi ndiye sikujipanga. Lakini nataka kujua tu. Wewe uliwahi kulalia hii kitu nje, ama ulipiga video tu?"

Nilikaa na huo ujumbe siku nne bila kujibu. Wazo la kwanza lililonijia, na nalisema hapa kwa sababu nimeamua kusema yote, lilikuwa kufuta video. La pili lilikuwa kumwambia alipuliza vibaya. Siku ya tano nikamjibu: "Nilipiga video tu. Nisamehe. Nitaenda kuilalia."

Akaniwekea kidole gumba. Basi.

Januari nikapata nafasi. Kuna kikundi cha watu wa kupanda milima ambao walihitaji mtu wa kuwapigia picha, wakakubali kunilipia nauli, kiingilio na chakula, mimi niwapatie video. Slipingi begi niliazima, nzuri kabisa, nene, mwenyewe aliniapia kwamba imelala Shipton mara sita. Nikasema sawa, basi kama kuna baridi usiku huo, haitakuwa kosa la begi. Nikafunga godoro la chungwa juu ya mkoba na safari ikaanza.

Old Moses ni kama mita 3,300. Usiku ule nilisikia baridi, lakini nililala. Nikaanza hata kufikiria kwamba yule jamaa alizidisha. Kesho yake tukatembea siku nzima, tukafika Shipton jioni, mita 4,200 na kitu. Ni mahali pazuri vibaya. Batian na Nelion ziko pale juu kama meno, na kuna wanyama wadogo wanene, wanaitwa pimbi, wanakuja kuangalia kama utaangusha biskuti. Jua likiwa limewaka unaweza kukaa na tisheti. Likiingia nyuma ya mlima, dakika kumi tu na unatafuta kofia.

Hapa wacha niweke hesabu moja. Kwa wastani hewa hupungua joto kama digrii sita na nusu kwa kila mita 1,000 unayopanda. Nairobi iko karibu mita 1,700. Shipton iko mita 2,500 juu yetu. Piga hesabu: kama digrii 16 zimeondoka kabla hata hujafungua tenti. Ile baridi ya Julai ambayo hapa Kibera inafanya watu waende kazini na koti mbili, toa digrii 16 halafu ulalie mawe.

Niliingia kwa begi saa mbili na nusu. Kifua kilikuwa na joto. Uso ulikuwa sawa. Lakini mgongo, wasee! Ilikuwa kama kuna mtu ameweka trei ya barafu chini yangu na kila nikizoea anabadilisha anaweka nyingine. Nikigeuka ubavu, ubavu unashika baridi. Nikigeuka tumbo, tumbo. Nikavaa nguo zote nilizokuwa nazo. Nikaongeza pumzi kwenye godoro nikidhani limeishiwa upepo, likawa gumu, baridi ikabaki palepale. Sentimita nane za godoro kati yangu na ardhi, na bado nilikuwa naisikia ardhi.

Saa saba usiku nikachoka kujidanganya, nikatoka na tochi nikaenda ile nyumba ya kulala wageni. Mapota walikuwa wameamka wanachemsha maji ya watu wa kwenda juu. Mzee mmoja wa Nanyuki, amebeba mizigo kwa huu mlima tangu kabla sijazaliwa, akanipatia kikombe na kuniuliza nalalia nini. Nikamwambia. Akacheka polepole.

"Hiyo si godoro kijana. Hiyo ni baluni. Unalala juu ya upepo."

"Lakini ni nene mzee, imeninyanyua kabisa kutoka chini."

"Kunyanyuka si kupata joto. Baridi ya huku haikungoji hapo nje. Inatoka chini."

Nikanyamaza. Si kwamba nilikuwa nimesikia jambo geni. Nilikuwa nimelisikia maisha yangu yote, kwa maneno hayohayo, kutoka kwa mathe.

Sisi tulilelewa Gatwekera, nyumba ya mabati, sakafu ya simiti. Kitanda kilikuwa kimoja, cha wazazi, nyuma ya pazia. Sisi watoto tulilala chini kwa godoro la inchi nne lililokuwa limebaki inchi mbili. Kila jioni ya mwezi wa sita na wa saba, mathe alikuwa na kazi moja kabla hajatandika. Anatoa katoni nyuma ya kabati, za maziwa na za sabuni, ameombea kwa maduka, anazipanga sakafuni safu mbili, anaweka gunia juu, ndiyo godoro linafuata. Sisi tulikuwa tunalia kwamba tunataka blanketi lingine. Yeye anasema: "Blanketi mnazo mbili. Baridi inatoka chini." Mimi nilikuwa naona aibu. Rafiki akija nilikuwa nazisukuma katoni kwa mguu zisionekane.

Sasa nifikirie mimi, mtoto wa mama huyo, nimekaa miaka miwili chuoni nikisoma uhandisi, halafu nasimama mbele ya kamera nawaambia watu elfu arobaini kwamba kitu kitawapatia joto kwa sababu kina rangi ya chungwa na kinaingia kwa mkoba vizuri.

Niliporudi nilisoma. Si vitabu vikubwa, lakini nilisoma vizuri kuliko nilivyosoma chuoni. Nawapatia hapa vile nimeelewa.

Slipingi begi haina moto ndani yake. Moto ni wewe. Kazi ya begi ni kushika hewa katikati ya manyoya au nyuzi zake ili joto lako lisitoroke. Sasa ukilala juu yake, uzito wako unaziponda zile nyuzi za chini, hewa inatoka, inabaki kitambaa tu. Ndiyo maana begi ya bei ya juu kabisa, upande wa mgongo ni kama haipo. Upande huo ni kazi ya godoro, hakuna mwingine wa kukusaidia.

Na godoro la upepo mtupu haliwezi hiyo kazi. Hewa ni nzuri kuzuia joto ikiwa imefungiwa kwa vipande vidogo vidogo isiweze kusonga. Ndani ya lile la chungwa hewa ina uwanja. Kila ukigeuka inachezacheza, inachukua joto juu inapeleka chini. Tena joto lingine halihitaji hata hewa, linaruka tu kutoka upande wa moto kwenda upande wa baridi, jinsi unavyosikia joto la jiko ukiwa umekaa kando. Magodoro ya kupuliza yaliyotengenezwa kwa baridi yana kitu ndani: mengine yamejazwa nyuzi, mengine manyoya ya bata, mengine yana tabaka za karatasi nyembamba inayong'aa, zinazogawanya hewa na kurudisha joto juu kwako. Kwa nje yanafanana na langu. Ukiyaweka kwa picha huwezi kutofautisha. Hapo ndipo watu kama mimi hupata pesa.

Na kama unafikiria hii ni mambo ya wazungu, mlima wenyewe unafanya hivyo. Ukipita karibu na Shipton utaona miti ya ajabu, ina kichwa kama kabichi kubwa, na shina limevaa koti nene la majani makavu. Hayo majani yalikufa kitambo lakini mti haukuyaangusha. Umeyaacha yashike hewa, shina lisigande usiku. Na usiku ukifika, yale majani mabichi ya juu yanajikunja kufunika kichomozo cha katikati. Ni akili ileile ya katoni za mathe.

Sasa, namna ya kuchagua. Nitawapatia kama vile ningependa mtu angenipatia mimi.

Kwanza, uliza namba ya R. Ni namba inayosema godoro linazuia joto kiasi gani lisiende chini. Ikiwa kubwa, ni bora. Zamani kila kampuni ilijipimia vile inataka, lakini 2018 shirika la viwango la Marekani, ASTM, lilitoa kipimo kimoja, kinaitwa F3340. Wanaweka godoro katikati ya bamba la moto na bamba la baridi, halafu wanapima ni nguvu ngapi ya umeme inahitajika kushikilia lile bamba la juu lisipoe. Kampuni kubwa nyingi sasa huandika hiyo namba. Muuzaji akikuambia "ni ya joto sana, boss" na hana namba, chukulia kwamba ni baluni. Lile la chungwa nililitafuta namba kwa boksi, kwa karatasi, kwa ukurasa wa muuzaji. Hakuna.

Pili, jua unaenda wapi. Ukilala kando ya ziwa Naivasha ama chini huko Magadi, R ya 1 au 2 inakutosha, hata mkeka. Ngong ama Aberdare usiku wa baridi, ningetaka 3 kwenda juu. Shipton ama Mackinder, mimi sitawahi tena kulala chini ya 4, na kama wewe ni mtu wa kusikia baridi haraka, nenda 5. Zile za 6 na 7 ni za kulala juu ya theluji. Zipo, zinauzwa bei ya pikipiki nzee, na wengi wetu hatuzihitaji. Usikubali mtu akuuzie theluji na wewe unaenda Ngong.

Tatu, na hii ndiyo ilinifurahisha zaidi: namba za R zinajumlishwa. Ukiweka mkeka wa R 2 chini na godoro la R 3 juu, unalalia 5. Mikeka ile ya sponji ngumu, mibaya, inayofungwa nje ya mkoba, mingi iko karibu na 2, na haiwezi kupata pancha. Kumbuka binamu za yule jamaa. Ndiyo hiyo waliyokuwa nayo.

Nne, usiangalie unene ukadhani ni joto. Unene ni wa mifupa. Ukilala ubavu kama mimi, unene unakusaidia nyonga isiguse mawe. Lakini langu lilikuwa na sentimita nane na likanigandisha.

Tano, mambo madogo. Lijaribu nyumbani: lipulize jioni, weka mzigo juu, liangalie asubuhi. Likiwa limelala kabla yako, bora ujue ukiwa Kianda. Usijaze kwa mdomo kama lina nyuzi au manyoya ndani, pumzi ina maji na maji yanabaki humo. Tumia mfuko wa kujazia. Usiku hewa ikipoa godoro litalegea kidogo, hiyo ni kawaida, si lazima kuwe na tundu. Toa mawe na miiba kabla ya tenti. Na beba gamu na kiraka, vina uzito wa barua.

Mtu ataniambia kwa komenti kwamba wazee walipanda bila hizi vitu. Ni kweli. Kisoi Munyao alipandisha bendera yetu juu ya huo mlima usiku wa uhuru, 12 Desemba 1963. Na miaka ishirini kabla, Januari 1943, Waitaliano watatu waliokuwa wafungwa wa vita Nanyuki walitoroka kambini, wakapanda, wawili wakafika Lenana, halafu wakashuka wakajirudisha wenyewe kambini. Vifaa walijitengenezea humohumo ndani, hata kamba waliipata kwa katani ya vitanda vyao. Mmoja wao, Felice Benuzzi, aliandika kitabu. Nawaheshimu wote. Lakini hao walijua wamebeba nini na kwamba hakitoshi, wakaamua kwenda. Yule kijana wa Kawangware hakuamua. Alidanganywa, na sauti iliyomdanganya ilikuwa yangu.

Sasa mtauliza mimi nilinunua gani. Sikuwa na pesa ya dukani, wacha niwe mkweli. Mwezi wa tatu nilianza kuamkia Toi kila Jumatano na Jumamosi, pale kwa watu wa mabegi na mahema ya mitumba. Wiki ya tano, mama mmoja ninayemnunulia jaketi akaniita, "Kastoma, kuja uone hii kitu, sijui ni ya bahari." Ilikuwa godoro la kupuliza la kijivu, limekunjwa vibaya, na karibu na kifuniko kuna maandishi madogo: R 3.2. Nilijaribu kutoonyesha furaha. Alitaka thao mbili. Nikalipuliza palepale, baada ya dakika kumi likaanza kulegea. Tukakubaliana mia nane.

Nikalipeleka kwa fundi wa pancha pale karibu na stegi. Akashangaa kidogo, halafu akalitumbukiza kwa beseni kipande kwa kipande, kama tyubu ya baiskeli, mpaka mapovu yakatokea pahali pawili. Tulikausha, tukasugua na sandipepa kidogo sana, gamu, kiraka, tukaweka kitabu na tofali juu. Alitoza mia moja na hamsini, akaniambia nikirudi nimweleze kama kilishika. Mkeka wa sponji niliuziwa mia saba na dada mmoja wa kile kikundi, ambaye magoti yamemkataza mlima. Jumla 1,650. Lile la chungwa niliwauzia 3,500.

3.2 na kama 2. Karibu 5.

Mwezi wa sita mwishoni nikarudi Shipton na kikundi, begi ileile ya kuazima, mimi yuleyule. Maji ya chupa niliyoacha nje yaliganda. Siwezi kusema nililala kama mtoto: niliamka mara mbili kukojoa, na kichwa kilikuwa kinauma kwa sababu ya urefu, hilo godoro haliwezi kukusaidia. Lakini mgongo ulikuwa na joto. Nililala chali nikingoja ile barafu ije, na haikuja. Saa nane tukaamka, tukaenda. Sitawachosha na habari za jua kuchomoza.

Nimebaki na mambo matatu ya kumaliza.

Moja, ile 6,200. Nilimtumia yule jamaa wa Kawangware 3,500 yake yote. Alikataa, akasema godoro analitumia nyumbani wageni wakija. Nikamwambia basi nimkopeshe la kijivu na mkeka, wakati wowote akitaka kurudi. Hiyo alikubali. Alikuja kulichukua wiki jana, tukakaa nje ya keja nikamwonyesha viraka viko wapi. Ni mrefu kuliko nilivyofikiria. Ameshaweka nusu ya pesa ya safari, anataka kwenda kabla mvua ya vuli haijaanza. Hatukuongea sana.

Mbili, mathe. Nilimwambia hadithi yote, nikitarajia atanicheka. Aliniuliza tu, "Na hao wengine thelathini?" Halafu akarudi kuchambua mboga.

Kwa hivyo la tatu ni nyinyi. Kama ulinunua lile godoro la chungwa kupitia kwangu, niandikie inboksi. Kama bado hujaenda mahali pa baridi, usiende nalo peke yake, weka mkeka wa sponji chini yake, ama hata katoni kavu safu mbili. Kama ulishaenda ukaganda, niambie pia. Sina pesa ya kurudishia watu thelathini kwa mpigo, lakini nitarudisha ile mia mbili niliyokula kwa kila mmoja, na nimeanza. Tayari ni tisa.

Muuzaji alinitafuta tena mwezi jana. Kuna rangi mpya, ya kijani. Nilimuuliza namba ya R ni ngapi. Hajajibu mpaka leo.